Binti yangu anataka kulala chini ya bahari, na bahari ilimlaza mjomba wake miaka tisa

Kwako Somo,

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Shela, hapa Malindi. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu.

Binti yangu wa pili ana miaka 24. Kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaopiga mbizi kule Watamu. Cheti anacho, na kazi hiyo ndiyo inayomlipia mdogo wake karo ya chuo. Alipoanza watu walisema sana, mtoto wa kike kuvaa suti ya mpira na kuzama na wanaume. Baba yake akasema suti ile inamsitiri kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na hakuna tena wa kusema nyumbani kwake. Nami nikanyamaza.

Sasa ami yake, mdogo wa mume wangu, anaishi Florida, Marekani. Binti yake mkubwa anaolewa Disemba, na amemkatia wangu tiketi ya kwenda na kurudi, wiki mbili kamili. Juu ya hiyo amempa zawadi: usiku mmoja katika hoteli iliyo chini ya maji, mahali panaitwa Key Largo. Hoteli yenyewe huingii kwa miguu. Unavaa mtungi wa hewa, unazama, unaibukia ndani. Atalala na binamu yake mdogo, ambaye naye ni mzamiaji. Wataingia Jumamosi mchana baada ya shughuli zote za harusi kwisha, watatoka Jumapili saa tatu asubuhi, na usiku huo huo saa nne ndege yake inaondoka Miami. Tangu apate habari hiyo mtoto hakai, hasimami. Kila jioni akirudi anaosha vifaa vyake uani katika karai la maji baridi, anatundika ile saa yake ya kuzamia kwenye mti wa ndimu, na hadithi ni hiyo hiyo moja.

Baba yake haoni tatizo. Anasema hata Pemba kuna chumba kama hicho, watalii wanalala na kuamka salama. Mimi nimekataa. Nimesema si heshima binti kulala hotelini ugenini, nimesema ataswali vipi. Hayo ni maneno tu, Somo. Sababu ya kweli sijaitoa kinywani.

Nilikuwa na kaka. Mwaka nilioposwa alikwenda Kiunga kuvua jongoo bahari. Tajiri wao aliwapa mitungi ya hewa, hakuwapa mafunzo. Mwisho alikuwa akizama kwa mitungi mitano, sita kwa siku, kina kirefu, maana jongoo wa karibu walikuwa wamekwisha. Siku moja alipanda juu kwa haraka. Jioni akalalamika viwiko na magoti, akasema ni kama mtu anamkamua mifupa. Usiku akashindwa kukojoa. Alfajiri miguu ikawa haimjui. Walimleta Lamu kwa mashua siku ya pili. Akafukizwa ubani, sadaka ikatupwa baharini, tukaambiwa amepigwa na jini wa bahari kwa kumwingilia makao yake. Alilala kitandani miaka tisa, kisha Mungu akamchukua. Kitanda ninacholalia mimi hadi leo alikinunua yeye kwa pesa zile za jongoo.

Wanangu wanajua tu kwamba mjomba wao alikuwa mgonjwa. Binti yangu alipoanza kuzama nilitaka kumwambia, nikashindwa. Sasa anataka kulala huko usiku kucha. Mchana ule mmoja tu ulimfanya kaka yangu vile, je, usiku mzima? Nimkatalie kabisa hata kama atanichukia? Na je, hiyo bahari ya huko inaye yule aliyemkuta kaka yangu?

Mama mwenye hofu,
Shela, Malindi

—

Mama mwenzangu,

Waaleikum salaam. Pole sana kwa kaka yako. Miaka tisa ya kumgeuza mtu kitandani si mchezo, na najua aliyekuwa akimgeuza ni wewe, ingawa hukuandika.

Mimi nimekulia Lamu. Katika mtaa wetu walikuwako wanaume wawili wanaotembelea magongo, na wote wawili walikuwa wameshika mitungi ile ile ya jongoo. Nao walisemwa jini. Tulikuwa tukipita mbele ya baraza zao tunanong'ona. Kwa hiyo nitakujibu swali lako la mwisho kwanza. Aliyemkuta kaka yako yuko katika kila bahari, ya Kiunga, ya Watamu na ya Florida, na hata katika ziwa. Lakini si jini. Ana jina, ana kanuni zake, na binti yako amesomeshwa kanuni hizo kabla hajapewa cheti. Viungo kuuma jioni ya siku ile ile, mkojo kuziba, kisha miguu kufa: hizo ni dalili za ugonjwa wa wazamiaji, na zinafuatana vivyo hivyo ulivyozipanga katika barua yako.

Kinachotokea ni hiki. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kwa tano yake ni nitrojeni, ambayo mwili hauna kazi nayo. Ukishuka majini, maji yanakugandamiza. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya hapa juu, kwenye mita 20 ni mara tatu, na mtungi unakupa hewa iliyobanwa kiasi hicho hicho. Nitrojeni inaingia kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye uti wa mgongo, na inayeyuka humo kimya kimya. Ukipanda polepole, inatoka kwa pumzi kama ilivyoingia. Ukipanda kwa pupa, inafanya kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla: inatoa mapovu. Povu likikwama kwenye kiwiko, ni maumivu. Likikwama kwenye uti wa mgongo, ni miguu na kibofu. Mitungi sita kwa siku maana yake kila akizama anaongeza juu ya ile ambayo haijatoka. Dawa yake ni oksijeni safi mara moja, kisha chumba maalumu cha chuma ambamo mgonjwa anagandamizwa upya halafu analegezwa kwa saa nyingi, na kila saa inayopita bila hayo ni hasara. Kaka yako alikaa siku nzima na usiku, halafu akafukizwa ubani. Kosa hilo si la mganga peke yake. Nailaumu zaidi tamaa ya yule tajiri aliyempa kijana mtungi bila kumpa maneno matatu: panda polepole, pumzika.

Na kitanda chako, dada yangu, hakina hatia. Alikinunua kwa sababu alikupenda.

Sasa hoteli yenyewe. Fanya jambo moja leo jikoni kwako. Chukua bilauri kavu, tia kipande cha karatasi chini yake ndani, uigeuze mdomo chini, uizamishe wima kwenye ndoo ya maji mpaka mkono uguse chini. Itoe. Karatasi haijalowa. Hewa iliyomo imeyazuia maji kupanda, ingawa mdomo uko wazi. Nyumba ile ya Key Largo imejengwa kwa kanuni hiyo. Inaitwa Jules' Undersea Lodge, na kabla ya kuwa hoteli ilikuwa maabara ya watafiti wa bahari, ikifanya kazi Puerto Rico miaka ya 1970. Mwaka 1986 ikawa ya wageni. Imekaa ndani ya ghuba ndogo iliyozungukwa na mikoko, maji ya kijani kama ya hori la Mida, hapo Watamu, mvua zikianza. Unazama mita 6 na kidogo, unapita chini ya sakafu, unatoa kichwa kwenye dimbwi lililo katikati ya chumba. Mlango haufungwi, maji hayaingii. Ndani mna vyumba vya kulala, sebule, bafu la maji moto, na madirisha makubwa ya duara ambayo samaki huja kuchungulia. Hewa inasukumwa kwa mipira kutoka nchi kavu, na kule juu kuna watu wanaowaangalia usiku kucha. Hata chakula huletwa na mzamiaji, kimefungwa kwenye kasha lisiloingia maji.

Kulala chini ya bahari si jambo la jana. Mwaka 1963 Jacques Cousteau, Mfaransa, aliwaweka watu wake mwezi mzima katika nyumba ya chuma chini ya Bahari ya Shamu, Sha'ab Rumi, upande wa Sudan, mita 10 chini. Na katika nyumba hii hii anayokwenda binti yako, mwaka 2023 mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Joseph Dituri, alikaa siku 100 bila kupanda juu. Akatoka akitembea.

Kwa nini yeye akatoka akitembea baada ya siku 100, na kaka yako akaangushwa na mchana mmoja? Kwa sababu mwili una kiasi chake. Ukikaa kwenye kina kimoja, kiasi cha siku moja hivi, nitrojeni inajaa kulingana na kina hicho, basi, haiongezeki tena hata ukikaa mwaka. Na mita 6 ni kina kidogo. Mtu anaweza kupanda kutoka huko moja kwa moja bila kusimama njiani, mradi apande taratibu na asizuie pumzi. Kaka yako alikuwa anakwenda chini sana, anapanda, anashuka, anapanda, mara sita. Hatari ilikuwa katika ngazi, si katika kulala.

Hapo ndipo mume wako alipokosea alipotaja Pemba. Kile chumba cha Pemba nakifahamu. Kilianza mwaka 2013, kimeundwa na Msweidi mmoja, kinaelea juu na chumba cha kulala kiko chini ya maji mita 4 hivi. Lakini kile unashuka kwa ngazi kutoka juu, kimezibwa kote, na hewa yake ni hewa hii hii tunayovuta barazani. Hata bibi wa miaka 80 atalala humo na mwili wake hautajua kama uko chini. Nyumba ya Key Largo iko wazi kwa chini, kwa hiyo hewa yake imebanwa na maji, na anayelala humo mwili wake unahesabiwa kuwa unapiga mbizi usiku kucha, hata akiwa amejifunika shuka na kitabu mkononi. Ukimwona kwenye picha anacheka na chai yake, yumo mbizini.

Na sasa niseme lililonifanya niisome barua yako mara ya pili nikiwa nimesimama. Umeandika kwa kupita tu: watatoka Jumapili saa tatu asubuhi, ndege saa nne usiku. Hizo ni saa 13.

Hapo, mama, hofu yako ina haki, ingawa ilikuwa imeshika mahali pengine. Ndani ya ndege hewa haiwi nzito kama hii ya pwani. Huachwa iwe nyepesi kama ya mtu aliye mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwa mtu ambaye hakuzama hakuna neno, masikio yatapiga kidogo basi. Lakini binti yako atakuwa bado ana nitrojeni ya usiku mzima inayotoka polepole, na kupanda ndege kwake ni kupanda juu mara ya pili. Soda ile inafunguliwa angani, juu ya bahari ya Atlantiki, kilomita maelfu kutoka kwenye chumba cha matibabu. Aliyelala katika nyumba ile haruhusiwi kuruka kabla ya saa 24 kupita. Wenye hoteli wenyewe ndivyo wanavyowaambia wageni wao. Binti yako anaijua kanuni hii, ameifanyia mtihani. Nadhani furaha imemziba macho, au tarehe zilipangwa na ami yake naye ameona haya kumrekebisha mkubwa aliyemlipia kila kitu.

(Na hili liwafikie vijana wa Watamu na Malindi pia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Wapo wanaozama asubuhi mara mbili, saa saba wako kwenye basi la Mombasa, jioni wanapanda treni. Barabara nayo ni ngazi. Ngojeni kesho.)

Kwa hiyo usimkatalie safari. Kataa tarehe. Wala usikatae wewe, maana ami yule ni ndugu wa mumeo na zawadi imeshatolewa. Ukisema wewe itasikika kama dharau. Mwambie baba yake ampigie mdogo wake. Ana nafasi ya kusema "mdogo wangu, usiku ule wa hoteli urudishe nyuma", na hakuna atakayeudhika. Wiki mbili ni siku nyingi. Alale huko wiki ya kwanza, kabla ya pilikapilika za harusi, abakiwe na siku kadhaa juu ya ardhi kabla ya Miami. Kubadilisha usiku wa hoteli ni rahisi kuliko kubadilisha tiketi. Ikishindikana, basi tiketi isogezwe mbele, na gharama hiyo ningeilipa mimi kuliko kuihifadhi.

Mambo mengine ni madogo. Mafua yakimshika huko, na Disemba yao ina siku za baridi, asizame: masikio na mapango ya pua yaliyoziba hayapokei mgandamizo, na zawadi haina thamani ya ngoma ya sikio. Kuhusu swala, uliitaja kama kisingizio, lakini mtoto ataihitaji kweli. Maji ya kutawadha yako. Kibla cha huko Florida kiko upande wa kaskazini mashariki. Nyumba ni ya chuma na dira ikiwa ndani ya chuma hudanganya, basi aulize upande huo akiwa juu kabla ya kuzama, aone dirisha gani linaelekea huko. Na ya heshima: yuko na binamu yake, ndugu wa damu, na mlezi wao ni ami yake. Sioni la kuongeza.

Lililobaki ni kubwa, nalo ni lako. Binti yako anazama karibu kila siku ya kaskazi, akiwaongoza watu wanaolipa na wanaotaka dakika moja zaidi kwa sababu wameona kasa. Kuna siku mgeni atamhimiza. Kuna siku yeye mwenyewe atahisi kiwiko kinauma na atajiambia ni uchovu wa kubeba mitungi. Siku hiyo nataka awe anamjua mjomba wake. Kitabu kimemwambia "maumivu ya viungo". Wewe una maneno ya mtu aliyeyasikia maumivu hayo: kama mtu anamkamua mifupa. Hakuna mwalimu wa Watamu mwenye maneno hayo.

Najua kwa nini ulinyamaza. Ulidhani ukimwambia utamtia hofu, au atauacha mkate wake, au atakitazama kitanda chako kwa jicho jingine. Lakini kwa sasa anaamini mama yake anamwona hana heshima. Hilo linamuuma zaidi ya habari yoyote ya marehemu.

Usimwite chumbani, usimkalishe kitako kama msiba. Mngoje jioni akiwa kwenye karai. Vuta kigoda, shika miwani yake uisuuze naye. Kisha muulize ile saa aliyoitundika kwenye mndimu inamwambia nini akiwa anapanda. Atakueleza kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kumuuliza: inapiga kelele ukipanda haraka, inahesabu dakika za kusimama, inaonyesha saa ngapi zimebaki kabla ya kupanda ndege. Mwache amalize. Halafu mwambie mjomba wake hakuwa na saa kama hiyo, umwanzie na Kiunga.

Uniandikie tena tarehe ikishabadilishwa.

Somo wako